Hodi Kwenye Ungo

Jaha Abdulrazaki alikuwa na neno alilolitumia kuliko jina lake mwenyewe, nalo ni hapana. Hakulisema kwa ukali. Alilisema kwa sauti ileile ambayo wengine husemea karibu, huku akimvutia mtu kiti, na ndiyo maana watu walichelewa kujua kwamba wamekataliwa.

Alikuja mtu anataka picha za pasipoti. Hapana. Akaja mwingine anataka kuchapiwa barua ya kuomba kazi. Hapana, jaribu duka la pili kushoto. Kiongozi wa kwaya alitaka nyimbo zitolewe kwenye kanda zihamishiwe kwenye sidii. Bwana mmoja mwenye hoteli alitaka tovuti yenye picha za vitanda vyake. Alikuja na gari, akakaa, akanywa chai yetu mpaka birika likakauka, naye akaambiwa hapana. Siku hiyo nilitamani kumzaba Jaha kibao. Na ningeweza, maana ni mtoto wa kaka yangu.

Mimi ni Salwa, shangazi yake. Namzidi miaka michache tu, lakini ukoo haujali miaka. Pale ofisini Ipagala kazi yangu ilikuwa kupokea simu za wateja, kuwatuliza wanaolalamika na kuwagombeza wasiosikia, kazi ambayo Mungu aliniumba nayo. Kila asubuhi bosi wangu aliingia, akasimama mbele ya meza yangu na kusema, "Shikamoo shangazi." Nikaitikia, "Marahaba." Halafu ndipo akaanza kunituma. Mpangilio huo ulitufaa sote. Kabla ya marahaba nilikuwa mkubwa wake, baada ya marahaba alikuwa mkubwa wangu, na hakuna aliyewahi kuchanganya.

Tulichokuwa tukiuza ni jedwali. Najua, hata ndugu zangu walinicheka. Lilikuwa jedwali la kwenye mtandao, lenye mistari na safu na visanduku vyake, ambalo watu walio miji tofauti walilifungua kwa wakati mmoja na kila mmoja akaona anachoandika mwenzake. Ukiandika namba ukiwa Kondoa, inaonekana Mpwapwa hapohapo, na jumla inajipiga yenyewe chini. Majina ya waliomo yaliwaka pembeni, kila moja na rangi yake. Jaha aliliita Ungo. "Umewahi kuona ungo wa kuchotea maji?" aliwauliza wote waliomtaka afanye na mengine. "Ungo unapepeta. Ukipepeta vizuri, inatosha."

Wazo lenyewe alilitoa dukani kwa baba yake. Babu wa baba yetu aliingia Ugogo na msafara kutoka Tabora, amebeba kichwani mzigo wa mtu mwingine. Kaka yangu Abdulrazaki, Mungu amrehemu, alijisifu kwamba yeye ndiye wa kwanza katika ukoo mzima kubeba mzigo wake mwenyewe. Serikali ilipoachia biashara ya nafaka, watu binafsi wakaruhusiwa kununua mahindi vijijini na kuyauza watakako, yeye alikuwa wa mbele. Alikodi ghala Kondoa, akakodi jingine Kibaigwa, na hapa mjini akafungua duka. Lakini habari za maghala zilimfikia kwa vinywa vya makondakta wa mabasi, na zilifika zimelala. Lori lilikwenda Kibaigwa kufuata magunia yaliyokwisha kuuzwa, wakati huohuo Kondoa mahindi yanabunguliwa. Abdulrazaki alipiga kelele, makondakta wakaapa, na Jaha, wakati huo bado amevaa sare ya shule, alikaa nyuma ya mizani akitazama. Siku moja akasema, "Baba, mahindi yapo. Tatizo kila mtu anajua peke yake."

Baba yake alimwambia akalete chai. Lakini alilikumbuka neno lile, akalirudia kwa wageni mpaka anakufa.

Basi Jaha akasomea kompyuta Dar es Salaam, akafanya kazi huko katika kampuni ya watu, na mwaka 2007 akarudi Dodoma na kompyuta zake pamoja na Bartolomayo. Huyu Bartolomayo ni Mgogo wa Mvumi, mtani wangu wa jadi, mwandishi wa programu, mtu asiyesema asubuhi yote kisha akasema neno moja la kukuudhi. Nilimwambia babu zake waliitoza misafara ya babu zetu hongo, ule ushuru wa njia, kwa kunywa maji ya visima vyao, na sasa lazima alipe kwa jasho. Akanijibu, "Shangazi, maji yale mlikunywa, risiti hamkuchukua."

Chumba kilikuwa cha kaka yetu mkubwa, Mzee Mustapha, muuza saruji. Alitupa bila masharti. Hapo ndipo nilipoanza kuwa na wasiwasi, kwa sababu namjua kaka yangu. Masharti kwake huja, ila huja kwa miguu.

Yalifika mwaka uliofuata, miezi ya kiangazi, upepo wa Dodoma ukitupa vumbi hadi ndani ya vikombe. Kaka aliingia, Jaha akasimama kumpokea. "Shikamoo baba mkubwa."

"Marahaba. Kaa," alisema kaka. "Nimekaa kimya vya kutosha. Chuo kikuu kinajengwa kule Chimwaga, Ipagala yote inajenga, na saruji yangu iko Msalato chini ya bati lililooza. Mvua ya kwanza ikinyesha nitakuwa na mawe, sitakuwa na saruji. Nakihitaji chumba changu."

"Baba mkubwa, tuna wateja."

"Mna kamati za harusi."

Ilikuwa kweli. Kamati za harusi zilitupenda sana. Kulikuwa pia na muuza vifaranga na mzee mmoja wa madrasa aliyeandika humo mahudhurio ya watoto. Zaidi ya hapo tulikuwa na matumaini.

"Nipe mpaka mvua ya kwanza," Jaha akasema.

"Mpaka mvua ya kwanza uniletee mteja ambaye nikimtaja msikitini watu wananyamaza. Ukimpata, chumba ni chako na sitasema tena. Usipompata, lori langu litageuza matako hapo mlangoni."

"Nimekubali," akasema Jaha, kana kwamba mteja huyo yuko nje anavua viatu.

Mimi sikuwa na moyo huo. Wakati uleule makampuni makubwa ya ng'ambo yalikuwa yamekwisha kutoa majedwali yao ya mtandaoni, tena bure. Bartolomayo alizisoma habari hizo, akawa hali chakula cha mchana. Nikamwambia Jaha tufungue upande mmoja wa kuchapa barua na kutoa fotokopi, tupate pumzi.

"Hapana, shangazi. Ya kwao yanataka laini yenye kasi. Huku mtu anafungua kwa dishi linalotikiswa na upepo. Ungo mtandao ukikatika unashika ulichoandika, ukirudi unakipeleka. Wao wanapika pilau la dunia nzima. Sisi tunapika la Dodoma. Mshika mbili moja humponyoka."

"Na mwenye kushika moja ikimponyoka anabaki na nini?"

Akacheka. Mtoto huyu aliweza kucheka mahali ambapo wengine wangesali.

Mteja alipatikana. Aliitwa Bwana Matonya, meneja wa umoja wa wakulima uliogawa mbegu za alizeti na mtama kabla ya msimu. Alikuwa na maghala Kondoa, Mpwapwa na Manyoni, na kila mwaka aliumwa na ugonjwa uleule wa marehemu kaka yangu: mbegu zimejaa pasipo na mvua, na penye mvua ghala ni tupu. Alikuwa mtu mzima, mwenye heshima, mwenye suti ya kaunda na kicheko cha kutokea tumboni. Tukakubaliana ajaribu Ungo. Ukifanya kazi mpaka mbegu zipelekwe, atasaini. Jaha alisafiri mwenyewe kwenda kila ghala, akawaonyesha watunzaji jinsi ya kufungua jedwali kwenye intaneti kafe ya karibu, jinsi ya kuandika magunia yaliyopo, na jinsi ya kufunga.

Siku ya kwanza tulikaa wote mbele ya kompyuta tukisubiri. Majina yakawaka pembeni: Matonya, akiwa ofisini kwake mjini. Halafu Anuari wa Kondoa. Halafu Ruthu wa Mpwapwa. Bartolomayo akasugua viganja. Kisha jumla ya magunia, ile namba nzuri ya chini tuliyokuwa tukiingojea, ikafutika, na mahali pake pakaandikwa kwamba hakuna jumla.

Bartolomayo alipauka. Akaanza kupekua programu mstari kwa mstari akijilaumu kwa Kigogo. Simu ikalia, na Bwana Matonya akaniuliza kwa upole unaotisha kama hii ndiyo kazi yenyewe. Nikamwambia asubiri kidogo. Nikavuta kiti karibu na skrini, nikasoma kilichoandikwa kwenye safu ya magunia.

Kwenye kisanduku cha magunia ya alizeti Kondoa, Anuari alikuwa ameandika: Shikamoo mzee.

Kwenye kisanduku cha chini yake, ambacho kilikuwa na magunia ya Mpwapwa, Bwana Matonya mwenyewe alikuwa ameifuta namba na kujibu: Marahaba, habari za Kondoa?

Na chini yake tena: Salama mzee, sijui huko. Na Ruthu wa Mpwapwa, badala ya kulilia magunia yake yaliyofutwa, alikuwa ameingia pembeni: Shikamooni nyote.

Nilicheka mpaka nikashika ubavu. Jaha hakucheka. Alilitazama jedwali, akasema, "Wameingia chumbani wamemkuta mzee amekaa. Ulitaka wafanye nini?"

Bartolomayo akasema, "Waandike namba!"

"Wewe ungeandika?"

Asingethubutu. Mama yake angemkata masikio.

Lakini Bartolomayo alikuwa na dawa yake, na kwa kuwa siku zilikuwa zinatukimbia Jaha akamruhusu. Akavifunga visanduku vya magunia visikubali maneno. Ukiandika herufi, kisanduku kinageuka chekundu na kinakuonya. Kesho yake tukakaa tena mbele ya skrini. Jina la Matonya likawaka. Likawaka la Anuari, likazimika. Likawaka la Ruthu, likazimika. Anuari tena, akazima. Asubuhi yote Bwana Matonya alikaa peke yake ndani ya jedwali akisubiri watu wake, na watu wake walikaa kwenye intaneti kafe wakisubiri Bwana Matonya atoke.

Nikampigia Anuari. Anuari ni Mrangi wa milimani, mtu wa adabu mpaka anakera.

"Anuari, kwa nini huandiki magunia?"

"Dada Salwa, mzee yumo."

"Yumo anakusubiri wewe!"

"Nami nasubiri atoke, niandike. Ile salamu mmeikataza, kinakuja chekundu. Sasa mimi nitaingiaje kwa mzee kimya, nimwage magunia mbele yake, niondoke? Atasema huyu kalelewa wapi?"

Nilikuwa nimempigia ili nimgombeze, nikaishia kumuaga vizuri. Alikuwa na haki.

Mchana wa siku ya pili yake Bwana Matonya akaja ofisini mwenyewe. Kwa bahati mbaya, au kwa mpango wa Mungu, Mzee Mustapha naye alikuwapo, amekuja kupima kwa macho magunia mangapi ya saruji yataingia. Tulimkaribisha mgeni tukiwa na nyuso za msibani. Yeye akakaa akicheka.

"Msiogope," akasema. "Mimi namba nitapigiwa simu, nimezoea. Lakini lile la salamu! Siku ile ya kwanza nimeongea na Anuari kuliko nilivyoongea naye mwaka mzima. Nimejua mtoto wa Ruthu amefaulu. Achaneni na magunia. Nitengenezeeni kijiwe. Watu waingie, wasalimiane, wapige soga, niwaweke na viongozi wa wakulima wa kila kijiji. Mkataba nasaini leo."

Nilimwangalia kaka yangu, nikaona macho yake yanang'aa. Huyu alikuwa mteja wa kutajwa msikitini. Bartolomayo alikuwa tayari anatikisa kichwa kukubali. Mimi nilikuwa nimekwisha kukiona chumba kimebaki chetu, na pazia jipya dirishani.

Jaha akasogeza kiti chake karibu na Bwana Matonya. Nilipoona anasogeza kiti nikajua.

"Hapana, mzee wangu," akasema. "Mvua itakaponyesha Manyoni utataka kujua mbegu ziko wapi, na kijiwe hakitakwambia. Vijiwe vitakuja. Vitaletwa na wenye nguvu kuliko sisi, na vitakuja bure. Siku hiyo mimi sitakuwa na kijiwe wala ungo, na wewe utakuwa na mbegu zinazooza Kondoa. Mimi nina kazi moja. Nipe wiki, nitaifanya vizuri."

Bwana Matonya aliacha kucheka. Alimtazama kama mtu anayepima ng'ombe mnadani. "Wiki," akasema. "Ulifanye hilo jedwali lako watu wangu wathubutu kuingia. Bila hivyo tusisumbuane."

Alipoondoka, Mzee Mustapha alisimama. Alikuwa ameaibika mbele ya mgeni, na kaka yangu aibu humgeukia kuwa hasira palepale. "Mtu anakupa ugali unadai unga," akamwambia Jaha. "Baba yako alikuwa mkaidi, lakini alikuwa anajua njaa." Akatoka bila kuaga.

Sitaficha, nami nilimkasirikia. Nilimwambia maneno mengi siku hiyo, mengine siyataki hapa. Nilimwambia kiburi si mtaji. Nilimwambia kwamba Bartolomayo ana mama wa kumtunza Mvumi. Yeye alisikiliza yote. Kisha akasema, "Shangazi, nikisema ndiyo leo, kesho nitasema ndiyo kwa lipi jingine?" Nikachukua mkoba wangu nikaenda nyumbani.

Asubuhi yake nilifika mapema, nikakuta Mzee Mustapha nje anaongea na dereva wa lori. Jaha akaja na kusimama mbele yake, akainamisha kichwa kama siku zote.

"Shikamoo baba mkubwa."

Kaka akaendelea kuongea na dereva.

Akarudia, taratibu. Kaka akageuza uso kuelekea barabarani, akapita.

Anayejua kwetu anajua uzito wa hilo. Unaweza kumgombeza mtoto, ukamfukuza, ukamnyima. Lakini shikamoo yake unaipokea, hata kama unaipokea kwa meno yaliyobana. Kuiacha ianguke chini ni kumwambia hayupo. Hasira yangu yote ya jana iliisha palepale, ikahamia kwa kaka yangu.

Akaingia ndani. Macho yalikuwa mekundu lakini miguu ilimpeleka mahali pake pa kila siku, mbele ya meza yangu. "Shikamoo shangazi."

"Marahaba, mwanangu," nikasema, kwa sauti kubwa zaidi ya kawaida, ili aliye nje asikie.

Alikuwa amekwisha kugeuka kwenda kwenye kompyuta yake. Akasimama. Akarudi mbele ya meza. "Shangazi, unaona tunachofanya hapa?"

"Tunasalimiana."

"Tunasalimiana wapi?"

"Hapa. Mlangoni."

"Mlangoni! Halafu ndiyo kazi inaanza. Hatusalimiani juu ya kazi, na hatuingii kwenye kazi bila kusalimiana." Akamwita Bartolomayo kwa sauti iliyomfanya amwage chai. "Tumejenga nyumba haina baraza! Mtu anatoka barabarani anaangukia chumbani kwa mzee. Jenga baraza!"

Wakajenga. Juu kabisa ya jedwali wakaweka mstari mwembamba ulioitwa baraza. Ukifungua Ungo unatokea hapo kwanza. Kama mkubwa wako yumo, unamsalimu hapo, naye akijibu, visanduku vyako vinafunguka. Kama hayumo, unapiga hodi na kuingia. Salamu hazigusi namba, na jioni zinafutika. Bartolomayo alipopata moto akataka kuongeza picha za watu, na sauti ya kengele, na mahali pa kutunza salamu za mwaka mzima.

"Hapana," Jaha akasema. "Baraza la watu kusimama. Tukiweka mkeka watalala."

Kabla wiki haijaisha tukakaa tena mbele ya skrini, safari hii mimi nikiwa na tasbihi mkononi. Jina la Matonya likawaka. Likawaka la Anuari, likabaki. Kwenye baraza pakatokea: Shikamoo mzee. Tukasubiri. Marahaba Anuari, karibu ndani. Na visanduku vya Kondoa vikafunguka kwa rangi ya kijani, na magunia ya Kondoa yakaingia moja baada ya jingine, alizeti mahali pa alizeti, mtama mahali pa mtama. Ruthu akasalimu, akakaribishwa. Manyoni wakaingia. Chini kabisa jumla ikatulia mahali pake. Bartolomayo akasema kwa Kiswahili chake cha shule kwamba matokeo ni ya kuridhisha, kisha akaenda nje, na nilimwona dirishani akirukaruka.

Mvua ya mwaka ule ilianzia magharibi. Manyoni ilinyesha kabla wataalamu hawajaitangaza, na wakulima wakamiminika ghalani. Mtunzaji wa huko akaandika magunia ya alizeti yaliyobaki, ya kuhesabika kwa vidole. Katikati ya kuandika dhoruba ikaukata mtandao. Ungo ukayashika aliyoyaandika, na mtandao uliporudi ukayapeleka bila yeye kufanya lolote. Bwana Matonya akatupa jicho moja: ghala la Manyoni linakauka, la Kondoa limejaa na wingu hakuna. Lori lililokuwa likielekea Kondoa na shehena nyingine ya mbegu likapigiwa simu likiwa bado Dodoma mjini, likageuzwa Manyoni. Wakulima walipanda kwenye maji ya kwanza. Bwana Matonya alinipigia simu mwenyewe. "Mwambie Jaha nimesaini. Dereva anauleta mkataba."

Siku ileile, alasiri, mawingu yakafika Ipagala. Harufu ya vumbi lililolowa ikaingia ofisini, halafu matone makubwa juu ya bati, halafu kishindo cha lori likigeuza matako mlangoni. Limefunikwa turubai, vibarua juu yake. Mzee Mustapha akashuka, kanzu ameishika mkononi isiguse tope.

"Mvua hiyo," akasema. Alisema akinitazama mimi. Jaha alikuwa kando yangu lakini kaka alikuwa hamwoni.

"Kaka, ana mteja."

"Yuko wapi?"

Dereva wa mkataba alikuwa bado njiani. Nikapiga simu ya Bwana Matonya nikampa kaka asikilize. Bwana Matonya akiwa na furaha hana breki. Kaka alisimama mlangoni, mvua ikimnyeshea bega moja, akisema "Ehe," na "Manyoni?" na "Yote?" na tena "Ehe." Akanirudishia simu. Alitafuna shavu. Kaka yangu ana mengi, lakini neno lake ni neno.

"Geuzeni lori," akawaambia vibarua.

Saruji ikaenda kulala stoo ya rafiki yake, mtaa wa Majengo, na Msalato pakaezekwa upya mwezi huohuo. Chumba kikawa chetu. Nikanunua pazia. Lakini Jaha alipomfuata kaka hadi kwenye lori, mvuani, akasema "Shikamoo baba mkubwa, ahsante," kaka alifunga mlango wa lori.

Hivyo ndivyo tulivyoishi miezi kadhaa. Wateja wakaongezeka, wauza dawa za mifugo, wasindikaji wa alizeti, watu wenye maghala na haraka. Yale ya bure ya ng'ambo yalikuja na yakawa mazuri kwelikweli, wengine wakahamia huko, wengi wakabaki. Jaha aliendelea kusema hapana kwa kila mtu. Kila alipokutana na baba yake mkubwa alisalimu, na kila aliposalimu haikupokewa. Hakuwahi kuacha kusalimu. Nilimuuliza kwa nini asiache. Akasema, "Hiyo nayo ni kazi moja."

Siku moja kaka akaniita pembeni baada ya arubaini ya jirani. Akakohoa. Saruji yake sasa ilikuwa Majengo, Msalato na dukani, na wiki ile alikuwa amemwahidi mteja magunia ambayo hayakuwapo tena. "Hicho kitu chenu," akasema, "hicho cha kupepetea. Niwekee na mimi. Huyo usimwambie."

Nikamwekea. Akaja ofisini, akakaa kwenye kompyuta yangu, miwani puani. Upande wa pili wa ubao uliogawa chumba, Jaha alikuwa kwenye yake. Namba za Msalato zilitakiwa kuingizwa na mtu, na mtu huyo nilimpanga mimi, wala sioni haya.

Jina la Mustapha likawaka barazani. Upande wa pili vidole vilinyamaza. Halafu, kwenye mstari ule mwembamba, mbele ya macho ya kaka yangu, maneno yakaanza kutokea: Shikamoo baba mkubwa.

Visanduku vya Msalato vilikuwa vimefungwa. Kaka akavitazama. Akanitazama mimi. "Kwa nini havifunguki?"

"Hujaitikia," nikasema.

Alivua miwani, akaipangusa kwa ncha ya kanzu, akaivaa. Akanyoosha kidole kimoja akaanza kuitafuta M. Ilimchukua muda, na sikumsaidia. Akaandika: Marahaba mwanangu. Kisha akaongeza, kwa kidole kilekile: Baba yako angefurahi.

Visanduku vikageuka kijani. Namba hazikuingia upesi. Upande wa pili kulikuwa na mtu anapenga kamasi. Zilipoanza kuingia ziliingia kwa mpangilio, Msalato yote. Kaka aliisoma jumla mara mbili akitikisa kichwa. Akaegemea kiti, akapaza sauti juu ya ubao, maneno ya kwanza kumwambia Jaha kwa mdomo tangu kiangazi.

"Jaha! Kitu kizuri. Hapo juu mngeweka na saa za swala."

"Hapana, baba mkubwa," sauti ikajibu.

Kaka akacheka, akavuta kiti karibu na skrini, akaendelea kusoma magunia yake.